1991 watu 80 kati ya 100 walisema chama kimoja kibaki. Marehemu baba alikuwa mmoja wao, au la?

BintiBalozi:

Heshima kwenu wakuu. Naomba wenye kumbukumbu za 1991 na 1992 wanisaidie, hasa mliokuwa watu wazima wakati ule. Mimi nilikuwa darasa la tano, nakumbuka mistari ya gwaride kuliko siasa.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi huku kwetu Rombo, tangu sijazaliwa hadi miguu ilipomkataa. Alifariki mwaka juzi. Tulipokaa kugawana vitu vyake kaka zangu walichukua shamba na ng'ombe, mimi nikaachiwa makaratasi. Sikulalamika (nimelalamika kidogo). Kwenye sanduku la bati chini ya kitanda nikakuta madaftari ya shule kumi na moja, yale yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Mzee aliandika kila kitu: nani kalaza mgeni, nani hajatoa mchango wa mwenge, mbuzi wa nani kaingia kihamba cha nani, kahawa kilo ngapi na malipo ya pili hayajaja.

Ukurasa mmoja wa 1991 una kichwa "SAFARI YA TUME". Chini yake majina tisa, mafuta ya lori, na "ndizi za kuchoma, maziwa lita tatu". Mbele ya kila jina ameandika namba 1. Tisa wote, moja, moja, moja. Jina lake ndilo la mwisho, nalo lina 1, ila kabla ya hiyo 1 kuna kitu kimefutwa. Kimefutwa kwa kidole chenye mate, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni, mpaka karatasi ikatoboka.

Tume hiyo ni ya Jaji Nyalali, ile iliyozunguka nchi kuuliza wananchi: chama kimoja au vingi? Nimesoma kwamba takriban 80 kwa 100 walitaka kimoja kibaki, 20 wakataka vingi. Na serikali ikafuata wale 20!

Sasa sikilizeni linalonisumbua. 1995 kura za kijijini kwetu zilihesabiwa palepale shuleni, kwa taa ya karabai. Mgombea wa CCM hakufikisha hata idadi ya watu waliokuwa na kadi za CCM. Baba alikwenda kupiga kura amevaa shati lake la kijani, amepiga pasi. Hakuwahi kumwambia mtu alimpigia nani. Ila matokeo ya kituo yaliposomwa na watu wakaanza kuimba jina la Mrema, mgombea wa upinzani, yeye ndiye aliyeshikilia ile karabai, na mama anasema mkono haukutikisika.

Maswali yangu mawili. Moja: ilikuwaje serikali ikaacha wengi ikafuata wachache? Pili: wale 80, walimaanisha walichosema?

MstaafuMsoma:

Binti, pole kwa msiba, ingawa umepita. Madaftari hayo usiyachome wala usiyagawe.

1991 nilikuwa mtumishi wa wilaya moja Kanda ya Ziwa. Tume ilipokuja kazi yangu ilikuwa ndogo lakini nzuri: kupanga viti na kushika waya wa kipaza sauti usikanyagwe. Kwa hiyo niliona nyuso. Mtu akiitwa jina, kabla hajafungua mdomo, macho yake yanapita safu ya mbele. Pale amekaa mwenyekiti wa chama wa wilaya, pembeni yake mkuu wa wilaya, na siku hizo ilikuwa vigumu kusema chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Akimaliza kukagua hiyo safu ndipo anatoa maoni yake. Wapo waliosema vyama vingi waziwazi, wengi wao walimu na vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa kazi. Mzee wa makamo mwenye familia na shamba alisema kimoja.

Lakini usifikiri wote waliogopa tu. Watu walikuwa wakisema: jirani huko Burundi na Uganda tumeona, vyama vitaleta ukabila na vita. Hiyo ilikuwa hofu ya kweli, si ya kumfurahisha mkubwa. Tulikulia kwenye kuchagua jembe na nyumba, wagombea wawili wa chama kilekile, na urais ndiyo au hapana. Mtu hajawahi kuona kingine, unamwuliza anakitaka?

Kuhusu swali lako la kwanza. Rais Mwinyi aliunda Tume mapema 1991, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilisikiliza watu zaidi ya 36,000, wakati sensa ya 1988 ilikuwa imetuhesabu milioni 23. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa amekwisha kuichokoza hoja 1990, mwaka uleule alioachia uenyekiti wa CCM. Alisema kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Kwa wengine tuliokuwa tumezoea kunong'ona, hilo lilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Kisha tazama majirani: Oktoba 1991 Kaunda kashindwa na Chiluba kwa kura Zambia. Desemba mwaka huohuo Moi kafuta kifungu cha 2A Kenya, kile kilichoruhusu chama kimoja tu. Wakubwa wetu waliyaona hayo, wakaona heri kutoka mlangoni kwa miguu yako kuliko kutolewa kwa dirisha.

Na Tume haikusema "tumewapuuza wengi". Hoja yake ilikuwa hivi: katika hao waliotaka chama kimoja, wengi waliongeza "lakini". Kibaki, lakini kirekebishwe. Kibaki, lakini viongozi wawajibike. Kibaki, lakini tuchague kweli. Ukizijumlisha hizo "lakini" zote unapata kitu ambacho chama kimoja hakiwezi kukitoa. Na iliyozungumzwa sana wakati ule ni kwamba asilimia 20 si watu wa kuwaambia wanyamaze, hata wakiwa wachache.

Februari 1992 mkutano mkuu maalumu wa CCM ukakubali, Bunge likatunga sheria, na 1 Julai 1992 ikaanza kazi. Tume pia iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zilibana watu, na ikapendekeza muungano wa serikali tatu (ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano) badala ya mbili. Serikali tatu zikawekwa kando. Zile sheria 40 zilishughulikiwa kwa mwendo wa kinyonga. Walichukua kile kilichowafaa. Mimi ni mwana CCM mpaka leo na nasema hivyo.

NyotaNjema:

Mada ndefu kweli. Katiba mpya lini?

BintiBalozi:

NyotaNjema, fungua uzi wako tutakuja. Hapa tupo 1991.

Mzee wa Msoma, shikamoo. Hiyo ya safu ya mbele imenikaa. Baba alipotoka huko alikuwa na kipande cha hadithi alichorudia kila Krismasi: kwamba Jaji alikuwa mtu mpole, aliwaambia "karibuni" kama mwenye nyumba. Hakuwahi kusema yeye mwenyewe alijibu nini.

HesabuKwanza:

Samahani dada, nitakuwa mkorofi kidogo. Unalazimisha hadithi. Mzee 1991 alisema chama kimoja. 1995 (tuseme) akampigia Mrema. Hapo uongo uko wapi? Ni miaka minne! 1991 Mrema mwenyewe alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa serikali ya CCM, kipenzi cha watu kwa ile staili yake ya kutoa siku saba. Ametoka CCM mapema 1995 na kwenda NCCR-Mageuzi. Mtu wa Kilimanjaro hakuwa na haja ya kubadili imani yake, mtu wake ndiye aliyehama. Kitaifa Mkapa wa CCM alipata karibu asilimia 62 na Mrema karibu 28, tena Mwalimu alimpigia Mkapa kampeni mwenyewe mikoani. Kwa hiyo kitaifa wengi walibaki CCM hata kwenye sanduku la siri. Waliosema kimoja 1991 walionekana tena 1995, wamepungua tu.

Kinachonikera mimi ni kingine. Hiyo "80 kwa 20" haikuwa sampuli. Ni watu waliofika, na waliofika ni waliopakiwa kwenye lori. Daftari la baba yako ndio ushahidi: balozi kakusanya tisa, kawalisha ndizi, wote tisa wakasema 1. Huo si utafiti, ni msafara.

Na tazama hesabu inavyogeuka kila tume inapokuja. 1992: wengi wanasema kimoja, tunaambiwa wachache nao wasikilizwe, tunafuata wachache. Kamati ya Jaji Kisanga ya maoni ya katiba, 1998 na 1999: wengi mno walitaka serikali mbili, kamati ikapendekeza tatu, na Rais Mkapa akaisema hadharani kwamba imevuka mipaka, wengi wamesema mbili! Haya, Tume ya Warioba, ile ya katiba mpya: kati ya wa Bara waliogusa muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu, kule Zanzibar asilimia 60 wakataka muungano wa mkataba. Ungedhani sasa wengi wamesema. Machi 2014 Rais Kikwete akalihutubia Bunge Maalumu: waliozungumzia muundo ni takriban asilimia 14 tu ya wote waliotoa maoni, hao wengine hawakuona tatizo. Mara ya kwanza idadi ndogo ilitosha, mara ya pili idadi kubwa ndiyo iliyotawala, mara ya tatu wasiosema chochote wakahesabiwa upande mmoja.

Mimi nafundisha takwimu. Hiyo mara ya tatu naitumia darasani kila mwaka, na kila mwaka mwanafunzi mmoja huwa anauliza kama itatoka kwenye mtihani.

MtuWaWete:

Assalaam alaykum. Mie niko Pemba, na nakusoma BintiBalozi mpaka mwisho.

Nnavyoona mie nyinyi wa Bara mnazungumzia 80 kwa 20 kama nchi nzima ilikuwa hivo. Kwetu pengo lilikuwa dogo zaidi. Na 1995 ulipoletwa uchaguzi, urais wa Zanzibar ulitangazwa Dk. Salmin Amour asilimia 50.2, Maalim Seif 49.8. Majimbo yote 21 ya Pemba yakenda CUF, chama cha Maalim. Sasa mwambie mtu wa Wete kwamba watu wanataka chama kimoja.

Lakini sikuja kujisifu. Nimekuja kwa sababu ya ile karabai. Huku kwetu baada ya uchaguzi ule haikuwa na maana tena kura kuwa siri. Kila nyumba ilijulikana. Duka la huyu huendi, mazishi ya yule huendi, hata maji ya kisima yana chama. Marehemu mamaangu alikuwa mkunga wa mtaa. Aliitwa usiku na nyumba ya upande wa pili, akenda, na asubuhi watu wa upande wetu wakamuuliza umefuata nini kule. Akawajibu: mtoto. Hakuongeza neno, akaingia ndani kulala.

Ilitufikisha mpaka Novemba 2009, Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim walipokutana, na Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 na kidogo walisema ndio. Ile kura mie naihesabu kuwa ndio maoni ya watu hasa, kwa sababu swali lilikuwa moja, karatasi ilikuwa ya siri, na hakuna aliyekuja na gari ya mtu. Ila na thuluthi moja walisema hapana, na hao hatukuwauliza kwa nini. Yaliyofuata 2015 mnayajua, uchaguzi ulifutwa.

HesabuKwanza, hio ya waliokaa kimya kuhesabiwa, sie tulicheka kwa uchungu.

JiraniTaveta:

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, niko Taveta hapa ng'ambo tu ya kwa BintiBalozi, hata soko tunashiriki.

Nyinyi mlikuwa na kipaza sauti na safu ya mbele. Sisi tulikuwa na mlolongo. 1988, kura za mchujo za KANU, chama chetu kimoja cha wakati huo: hakuna karatasi, hakuna sanduku, unasimama nyuma ya mgombea wako au mtu anayeshika picha yake, mnahesabiwa kama mbuzi. Na ukipata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo, hiyo imetosha, hakuna kura ya siri tena, umepita. Watu walilalamika nchi nzima kwamba mlolongo mfupi ndio ulitangazwa mshindi.

Babangu alikuwa kibarua wa mkonge. Alisimama nyuma ya mtu ambaye hakumtaka, kwa sababu msimamizi wake wa kazi alikuwa amesimama hapo mbele na alikuwa akigeuka geuka kuangalia nani yuko nyuma. Anasema kilichomuuma si kusimama. Ni kwamba mlolongo wa mtu aliyemtaka ulikuwa hatua kumi tu kando, na ndani yake kulikuwa na kaka yake, wakaangaliana. Hawakuongea mwezi mzima.

1992 sanduku la siri likarudi, vyama vikawa vingi, na Moi akashinda na karibu asilimia 36 pekee kwa vile upinzani uligawanyika. Yaani wengi walimkataa na bado akabaki. Kwa hiyo hata siri haikutuletea tulichotaka. Lakini babangu na ami walienda kupiga kura pamoja na wakarudi pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Dada, babako hakuwa mwongo. Alikuwa kwa foleni.

MstaafuMsoma:

Taveta, umenena. Mtu wa Wete, wa alaykum salaam. Kwa faida ya vijana: baada ya 1992 balozi wa nyumba kumi kisheria akabaki wa chama tu, serikali ikaja na vitongoji na mitaa. Lakini mtu akitaka barua ya utambulisho bado alikwenda kwa balozi, miaka na miaka. Kwa hiyo huyo mzee alivaa kofia mbili zikiwa zimeshonwa pamoja. Binti, mama yupo? Muulize yeye. Wanaume wa rika letu walisema mambo mawili: la mkutanoni na la jikoni.

BintiBalozi:

Nimechelewa kurudi, nilikwenda nyumbani wikiendi. Nimelibeba daftari mpaka jikoni kwa mama, maana mzee wa Msoma alisema jikoni.

Kwanza ile sehemu iliyofutwa. Mama kavaa miwani, kaiangalia, kaigeuza upande wa pili wa ukurasa, akasema, "Hiyo ni mende." Mende! Miezi mitatu nimelala na nadharia. Kuna matobo mengine kama hayo kurasa za mbele, kwenye mambo ya mbuzi.

Kisha nikamuuliza alichosema baba mbele ya Tume. Alikuwepo, jamani. Jina lake halimo kwenye orodha kwa sababu orodha ni ya wenye nyumba, lakini ndizi na maziwa yale yalikwenda na nani? Alikuwa amekaa nyuma chini ya mti na wanawake wengine, wamebeba vyombo.

Anasema baba aliitwa, akavua kofia. Akasema chama kimoja kibaki, maana kimetulea. Kisha akaendelea. Mkulima aruhusiwe kuuza kahawa kwa anayemlipa, si kwa anayemwandikia. Balozi achaguliwe kwa kura ya siri, hata yeye mwenyewe, maana ana miaka kumi na sita na hajui kama watu wanamtaka au wanamwogopa. Na mbunge asiyekuja kijijini aweze kurudishwa nyumbani. Watu walipiga makofi hapo kwenye mbunge. Kule safu ya mbele, mama anasema, hakuna aliyepiga.

HesabuKwanza, kwa hiyo alikuwa na "lakini" tatu, za mzee wa Msoma zilezile. Nani anaweza kusema hayo ni maoni ya chama kimoja au vingi? Mimi nimeshindwa, na nimezaliwa naye.

Mwandishi aliyekuwa akinukuu pale pembeni naye alishindwa, maana alimwita baba alipokuwa akishuka akamuuliza: mzee, sasa niandike kimoja au vingi? Mama anasema baba alisimama kidogo, akaangalia lori, akaangalia wale wanane aliokuja nao, wote walikuwa wamekwisha kusema.

"Andika kimoja."

Kuhusu 1995 sikuuliza. Nilifungua mdomo, mama akasema chai inapoa.

Mtu wa Wete umeniomba picha ya ukurasa kule pembeni. Nitaiweka nikishafunika majina. Watatu kati ya wale tisa wapo hai, na kwa mujibu wa ukurasa unaofuata wawili wao bado wanadaiana mbuzi.